Gofu ya Kirafiki Bila Ujanja: Mwongozo Kamili wa Kulegeza Kanuni kwa Haki

Jumamosi asubuhi, iwe Nakuru chini ya Menengai, Nyanza kule Kisumu, Kakamega, Kitale, Eldoret au Kericho, wengi wanaocheza gofu hawako mashindanoni. Ni wanne wanne waliopigiana simu jana yake, wakawekeana dau la chakula cha mchana. Mwamuzi hayupo. Kamati haiwatazami. Kanuni nyingi hulegezwa, na kulegeza kwenyewe hakuna ubaya: mchezo unakwenda haraka na mgeni hafi moyo. Shida huanza pale mmoja anapolegeza ya kwake kimyakimya huku mwenzake akicheza kwa kitabu.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja. Kanuni ikilegezwa, ilegezwe kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa sauti, na kwa wote. Ikikosa mojawapo ya hayo matatu, huo ni wizi wa mikwaju hata kama dau ni soda. Hatua zifuatazo zinaonyesha jinsi ya kufanya hivyo shimo kwa shimo, pamoja na kanuni yenyewe ilivyo, kwa sababu huwezi kulegeza kwa haki kitu usichokijua. Kanuni hizo huandikwa na R&A na USGA, mashirika mawili yanayosimamia gofu duniani; mabadiliko makubwa yalikuja 2019, na toleo la sasa ni la 2023. Wachezaji wengi wa kirafiki bado wanabishana kwa kanuni za zamani.

Hatua ya kwanza: amueni raundi ni ya nini

Kabla hata ya kubeba mifuko, jibuni swali hili: kadi za leo zitaingizwa kwenye mfumo wa handikapu (mikwaju ambayo mchezaji hupewa kulingana na uwezo wake) au la?

Kama zitaingizwa, nafasi ya kulegeza ni ndogo sana. Kanuni ya 1.3 inasema wachezaji wakikubaliana kupuuza kanuni au adhabu wanayoijua, wote wameondolewa, hata aliyenyamaza akakubali. Maligani, yaani mkwaju wa kurudia bila adhabu, na kadi ya handikapu haziendi pamoja. Ukipiga mkwaju wa pili wa bure pale tii ya kwanza (tii ni mahali pa kuanzia shimo) kisha ukaingiza kadi, umeidanganya klabu nzima, kwa sababu handikapu hiyo ndiyo utakayoingia nayo kwenye shindano la mwezi dhidi ya watu ambao hawakuwepo kwenye makubaliano yenu.

Habari njema ni kwamba mfumo wa dunia wa handikapu, ulioanza 2020, una ulegevu wake halali, na wengi hawautumii. Wa kwanza ni kikomo cha shimo: alama ya juu inayohesabiwa ni par (mikwaju inayotarajiwa kwenye shimo) jumlisha mbili, jumlisha mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Shimo la par 4 ambapo unapewa mmoja, kikomo chako ni 7. Ukifika hapo na mpira bado uko nje, okota uendelee mbele. Wa pili ni alama ya makadirio. Ukiokota mpira bila kumaliza, kwa mfano mpinzani alipokupa puti (mkwaju mfupi wa kuingiza mpira shimoni, uhesabiwe bila kuupiga), unaongeza mkwaju 1 kama mpira uko kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) umbali usiozidi mita 1.5 hivi, mikwaju 2 au 3 ukiwa mbali zaidi ya hapo lakini ndani ya mita 18, na 3 au 4 ukiwa mbali kuliko hizo. Uchaguzi kati ya namba mbili utegemee hali ya mpira na uwezo wako wa kweli, bila kujipendelea.

Kama kadi haziingizwi popote, mko huru. Hata hivyo dau likiwepo, makubaliano yawe na uzito uleule wa kanuni, maana pesa ya mtu haichezewi.

Kwa wanne wenye uwezo tofauti, mfumo unaofaa kuliko yote ni Stableford: bogi (mmoja juu ya par) alama 1, par 2, bedi (mmoja chini ya par) 3, igo (miwili chini) 4, zote baada ya kutoa mikwaju ya handikapu. Shimo likiharibika unapata sifuri na kuokota mpira. Huu mfumo unaondoa nusu ya vishawishi vya udanganyifu, kwa sababu shimo moja baya haliwezi kuharibu kadi nzima. Mtu aliyepiga 11 kwenye shimo la par 4 ndiye anayeshawishika kusema 8. Kwenye Stableford hana sababu ya kusema lolote.

Hatua ya pili: mazungumzo ya dakika tano kwenye tii ya kwanza

Mtu mmoja aongoze, na si lazima awe mkubwa wa kundi. Anasema wazi, wengine wanaitikia: "Leo ni Stableford. Mzee anapewa 21, Daktari 14, mimi 12, Wakili 9. Maligani moja kwenye tii ya kwanza tu. Puti ndani ya mshikio imetolewa, ila ya bedi inamaliziwa. Mpira ukipotea tunadondosha fawei, kwenye njia ya nyasi zilizokatwa, kwa mikwaju miwili. Kuna la kuongeza?" Hapo kila mmoja anataja mpira wake: aina, namba, na alama aliyochora kwa kalamu.

Usiiruke hiyo ya mipira. Watu wawili wenye mipira ya aina moja, namba moja, isiyo na alama, ikikaribiana kwenye nyasi, hakuna anayeweza kuthibitisha uliopo ni wa nani. Chora nukta mbili au herufi za jina lako, tena pande mbili za mpira ili zionekane bila kuugeuza. Ukipiga mpira usio wako, adhabu ni mikwaju miwili na unarudi kucheza wa kwako. Ule mkwaju uliopiga kimakosa hauhesabiwi.

Hesabuni pia fimbo. Kikomo ni 14, na kuazima fimbo ya mwenzako ni kosa. Ila wanaoanza mara nyingi wana mfuko mmoja kwa watu wawili. Semeni tu kwamba hao wawili wanatumia mfuko mmoja, na kadi zao haziingizwi. Hakuna anayeumia.

Maligani

Maligani ni mkwaju wa kurudia bila adhabu, na haumo kabisa kwenye kitabu. Umezaliwa kwa sababu watu hushuka garini na kupiga bila kunyoosha hata bega. Mkiukubali, wekeni mipaka minne: ngapi, wapi, mpira upi unahesabiwa, na kama unaweza kuwekwa akiba. Pendekezo letu ni moja, kwenye tii ya kwanza tu, na ukiurudia, wa pili ndio wako hata kama ni mbaya zaidi. Ile tabia ya kupiga miwili kisha kuchagua ulio mzuri inampa mchezaji nafasi ambayo hata mabingwa hawana. Na maligani ya kubebwa mfukoni hadi shimo la 18 huishia kwenye ugomvi, kwa sababu mtu huitoa dakika ambayo dau limefikia kilele.

Kuna njia bora kuliko maligani: fikeni dakika kumi mapema, mpige mipira kadhaa kwenye wavu, au angalau mzungushe fimbo mara ishirini.

Mpira uliopotea, mahali ambapo mikwaju mingi huibwa

Hapa tukae kidogo. Hesabu yenyewe hukosewa na watu waaminifu kabisa, achilia mbali wajanja.

Kanuni ni hii. Mpira ukipotea, au ukitoka nje ya mipaka, yaani vigingi vyeupe au ua, unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi kupiga pale ulipopigia. Ukiwa tii: wa kwanza umepotea, adhabu ndiyo ya pili, kwa hiyo unapiga wa tatu. Muda wa kutafuta ni dakika 3, si 5 kama zamani, na zinaanza kuhesabiwa pale wewe au kedi wako (mbeba mfuko) mnapoanza kutafuta, si pale mlipotoka tii. Tumieni saa ya simu. Mkisema tu "tutafute kidogo," dakika nane zitapita na kundi la nyuma litakuwa limesimama likiwatazama mikono kiunoni.

Ukihisi mpira unaweza kuwa umepotea, piga wa akiba kabla ya kuondoka. Lazima useme neno hilo: "Napiga wa akiba." Ukichukua mpira mwingine mfukoni ukapiga bila kusema, huo ndio mpira wako sasa, na wa kwanza umekufa hata ukiukuta katikati ya fawei. Kuna na upande wa pili: wa kwanza ukipatikana ndani ya mipaka na ndani ya dakika 3, lazima uucheze, hata kama umelala kwenye kichaka cha miba na wa akiba umetulia pazuri. Huruhusiwi kusema "acheni, umepotea." Wenzako wana haki ya kuutafuta.

Kwenye gofu ya kirafiki watu hawapigi wa akiba. Wanatembea mita 200, hawauoni, wanadondosha mwingine palepale na kusema, "Hii ni ya tatu." Hapo mkwaju mmoja umeyeyuka. Tangu 2019 ipo kanuni ya mahali ambayo kamati ya klabu inaweza kuiweka, iitwayo E-5, na ndiyo inayofaa kwa raundi zetu:

1. Kadiria mahali mpira ulipopotelea au ulipovuka mpaka.
2. Tafuta ukingo wa fawei ulio karibu zaidi na hapo, usiokaribia shimo kuliko hapo.
3. Una ruhusa ya kuingia hadi fimbo mbili ndani ya fawei, au kudondosha popote kati ya hapo na kule mpira ulikopotelea, mradi husogei karibu na shimo.
4. Ongeza mikwaju miwili ya adhabu.

Mfano: mkwaju wa tii ni 1, adhabu 2, jumla 3. Unaopiga kutoka fawei ni wa nne. Ukijiuliza mbona miwili, fanya hesabu ya aliyefuata kitabu: alipiga wa kwanza, akalipa mmoja, akapiga wa akiba ambao ni wa tatu, akaufikia kwenye fawei, na sasa anapiga wa nne. Mko sawasawa. Anayedondosha kwa adhabu moja amejipa draiva safi ya mita 200 bila kuipiga. Mkielezana hili mara moja tu, mabishano mengi hukoma.

E-5 haitumiki kama tayari ulipiga wa akiba, wala kama mpira umeingia eneo la adhabu (mathalani mto, penye vigingi vyekundu). Na kama kadi inaingizwa, itumike tu pale ambapo kamati imeiandika kwenye ubao au kwenye kadi yenyewe.

Nyasi, tope na mguu

Nyasi za kikuyu za Nakuru na Eldoret ni nene, na mpira huzama hadi unauona kwa juu tu. Kishawishi kikubwa hapo ni kukandamiza nyasi nyuma ya mpira, kwa kiatu au kwa kuweka fimbo chini kwa nguvu mara mbili tatu. Huko ni kuboresha hali ya mpira, adhabu mikwaju miwili. Kuvunja tawi wakati wa kujaribu mkwaju ni kosa lilelile. Unachoruhusiwa ni kugusa ardhi kidogo kwa uzito wa fimbo yenyewe, na kusimama kwa utulivu bila kuchimba.

Mtazame mwenzako miguuni anapoingia kwenye nyasi ndefu, bila kumshuku, kwa sababu hata wewe utahitaji shahidi. Mpira ukisogea bahati mbaya wakati wa kutafuta, hakuna adhabu, urudishwe ulipokuwa. Ukisogea kwa sababu umeondoa jani au kijiti kando yake, nje ya grini, ni mkwaju mmoja na unarudishwa. Kwenye grini ukiugusa bahati mbaya, rudisha tu, hakuna adhabu. Watu wengi bado hujitoza mkwaju pale grini bila sababu, na huo nao si uadilifu, ni kutojua.

Msimu wa mvua, na Kericho karibu mwaka mzima, marafiki husema "leo tunaweka," yaani mpira huinuliwa na kuwekwa pazuri. Ni sawa kabisa, na kamati nyingi hutangaza hivyo. Lakini muweke masharti yote: ni kwenye fawei tu, ni ndani ya kipimo mlichotaja, sentimita 15 au fimbo moja, bila kusogea karibu na shimo, na ni mara moja. Ukishauweka na kuuachia, mpira uko mchezoni. Yule anayeweka, anatazama, anauinua tena na kutafuta kishungi cha nyasi kilicho kizuri zaidi, amevuka mpaka. Nje ya fawei, mpira wenye tope unachezwa na tope lake, isipokuwa uliojizika kwenye shimo ulilolichimba wenyewe ulipotua. Huo unainuliwa, unasafishwa na kudondoshwa nyuma ya hapo ndani ya fimbo moja, bure, mradi hauko kwenye mchanga wa banka (shimo la mchanga uwanjani).

Maji ya mvua yaliyotuama, barabara ya magari ya gofu, vichwa vya mabomba ya kumwagilia, na mashimo na vifusi vya fuko: vyote vina nafuu ya bure. Tafuta mahali pa karibu zaidi ambapo mpira, miguu na fimbo vyote viko huru, kisha pima fimbo moja. Neno muhimu hapo ni "karibu zaidi." Kama mahali hapo pa karibu ni ndani ya nyasi ndefu, basi ni ndani ya nyasi ndefu. Huchagui upande ulio mzuri. Kichuguu kigumu cha mchwa, kwa upande wake, hakina nafuu ya bure mpaka kamati ikitangaze kuwa ardhi inayokarabatiwa. Hili ni la kulegezwa bila wasiwasi: kubalianeni kiwe bure kwa wote, kwa sababu fimbo ikigonga kichuguu inayovunjika ni ya mtu, na kifundo cha mkono ni cha mtu.

Kupima na kudondosha

Kipimo ni fimbo ndefu kuliko zote mfukoni isipokuwa ya kuputi. Kwa kawaida ni draiva, sentimita 114 hivi. Fimbo mbili ni kama mita 2 na robo, si hatua nne za mtu mrefu. Laza fimbo chini, weka kigingi cha tii kwenye mwisho wake, laza tena. Dondosha wima kutoka usawa wa goti ukiwa umesimama; mpira utue na utulie ndani ya eneo ulilopima. Ukibiringika nje, dondosha mara ya pili. Ukitoka tena, uweke kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara hiyo ya pili. Kudondosha kutoka begani ni kanuni iliyokufa 2019.

Kwenye vigingi vyekundu adhabu ni mkwaju mmoja, na unapima fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovuka mstari mara ya mwisho. Kosa la kawaida ni kupima kutoka pale mpira ulipozama, mita 40 mbele. Mpira uliopaa juu ya mto na kugonga ng'ambo kisha ukarudi majini, umevuka mara ya mwisho ng'ambo. Ulioishia katikati, ulivuka upande wenu. Hapa muulizeni mtu aliyesimama pembeni, kwa sababu mpigaji mwenyewe huona anachotamani.

Ukiona mpira hauchezeki, Kanuni ya 19 inakupa njia tatu kwa mkwaju mmoja: rudi ulipopigia, nenda nyuma kwenye mstari wa shimo na mpira, au pima fimbo mbili kando. Hakuna haja ya kuusogeza mpira kwa mguu.

Kiboko, siafu na tumbili

Kanuni ya 16.2 inahusu wanyama hatari, na wachezaji wa Kisumu wanaihitaji kuliko wengi duniani. Kiboko hutoka ziwani kula nyasi giza likiingia, kwa hiyo raundi za jioni sana ndizo zenye hatari. Mpira ukilala karibu naye, uache. Dondosha mwingine mahali pa karibu ambapo hatari imeisha, fimbo moja, bila kukaribia shimo, bila adhabu. Nyuki wakali, nyoka na msafara wa siafu ni hivyohivyo. Lakini mpira ukiwa ndani ya vigingi vyekundu, nafuu ya bure ni ndani ya eneo hilohilo tu. Ukitaka kutoka nje unalipa mkwaju mmoja. Na kama mpira ulikuwa tayari kwenye kichaka usichoweza kuuchezea hata bila nyoka, nyoka hakupi nafuu. Hapo ndipo "nyoka" huonekana wengi ghafla.

Tumbili akichukua mpira, rudisha mwingine pale ulipokuwa, bure. Sharti ni uhakika: lazima mtu awe ameona, au iwe karibu haiwezekani kuwa jambo jingine. "Pengine tumbili" inahesabika kuwa mpira umepotea.

Puti ya kupewa

Kwenye mchezo wa shimo kwa shimo, ambapo mshindi huamuliwa kila shimo, kupeana puti ni halali, na ukishapewa huwezi kukataa wala mwenzako hawezi kughairi. Kwenye kuhesabu mikwaju, kitabu kinadai kila mpira uingie shimoni. Marafiki hupeana, na ni sawa, kwa masharti mawili.

Kwanza, puti hutolewa na mpinzani, haijitoi. Anayesema "hii ni yangu" huku akiuokota amejilipa mwenyewe. Pili, kipimo kiwe kimoja. Kile cha "ndani ya mshikio" kinapimwa hivi: weka kichwa cha fimbo ya kuputi ndani ya shimo, laza fimbo chini kuelekea mpira, mpira ukiwa kabla ya pale mshikio unapoanzia, imetolewa. Ni kama sentimita 60. Watu wengine hupima fimbo nzima, karibu sentimita 90, na tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo puti inayokoswa chini ya shinikizo. Tajeni ipi.

Usitumie kupeana kama silaha, ukimpa mtu puti za nusu mita mashimo kumi na saba ili akose mazoezi, kisha kumnyima kwenye la mwisho. Kitabu hakikatazi, lakini kundi litakukumbuka. Puti ya bedi na ya dau zimaliziwe daima.

Kedi

Kwenye klabu zetu kedi ni nusu ya mchezo. Anaona mpira ulipotua, anasoma grini, na anafika kwenye mpira kabla yako. Hapo kwenye kufika kabla ndipo hatari ilipo. Kedi anayejua kwamba bosi akishinda bahasha inanenepa ana sababu ya kuusogeza mpira kwa kidole cha mguu. Kosa lake ni kosa lako: akiusogeza makusudi ni mkwaju mmoja na unarudishwa, ukiupiga bila kuurudisha ni mikwaju miwili.

Mwambie mapema, kwa heshima: "Ndugu yangu, ukikuta mpira mahali pabaya, simama kando yake unyooshe mkono. Usiuguse." Kisha mlipe kiasi kilekile ukishinda au ukishindwa, na umlipe mbele ya wenzako. Hilo la malipo linafanya kazi kuliko onyo lolote. Kedi pia asisimame nyuma yako kwenye mstari unapojipanga kupiga. Tangu 2019 ni adhabu ya mikwaju miwili usipoondoka na kujipanga upya. Na msimwite kuwa shahidi dhidi ya bosi wake. Mnamweka mahali ambapo akisema kweli atakosa kazi.

Kuhesabu, na jinsi ya kumwambia mkubwa

Kila shimo likiisha, kila mmoja ataje namba yake kwa sauti kabla ya kuondoka grini, na mwandishi wa kadi asiwe mwenye alama. Asiyekumbuka ahesabu kwa mahali: "Tii, moja. Nyasi ndefu, mbili. Banka, tatu, haikutoka, nne. Grini, tano. Puti ya pili, sita."

Ugumu unakuja pale aliyekosea ni mzee, mwajiri au mteja wako. Usiseme "umedanganya," wala usinyamaze kisha ukaenda kumsema baa. Uliza hesabu: "Mzee, hebu tuhesabu pamoja, mimi nimeona banka mbili." Swali linampa njia ya kurudi bila kuaibika, na mara nyingi kweli alikuwa amesahau. Liulizwe papo hapo, mkiwa wawili tu mkielekea tii inayofuata. Likijirudia mara tatu nne raundi moja, acheni kucheza naye kwa dau. Mchezeni kwa mazoezi tu. Hakuna haja ya kesi.

Handikapu na dau

Kwa wawili, chukua tofauti. Mmoja 9, mwingine 21: wa pili anapewa mikwaju 12, mmoja kwa kila shimo lenye namba ya ugumu 1 hadi 12. Viwanja vya mashimo 9 huzungukwa mara mbili na kadi kwa kawaida ina namba mbili za ugumu kwa kila shimo. Angalieni mzunguko mliomo. Kwa wanne wanaocheza wawili wawili shimo kwa shimo, bora wa kila upande akihesabiwa, kila mmoja hutumia asilimia 90 ya handikapu yake, kisha wa chini kabisa anachukuliwa kuwa sifuri.

Anayeficha uwezo wake, akiingiza kadi mbaya tu ili abaki na mikwaju mingi, ni mdanganyifu mkubwa kuliko anayesogeza mpira kwa mguu, kwa sababu yeye huiba kabla ya kufika uwanjani. Dawa ya kundi ni rahisi: mshindi wa leo anapunguziwa mkwaju mmoja raundi ijayo, na anarudishiwa akishindwa mara mbili mfululizo. Andikeni kwenye kundi lenu la WhatsApp.

Dau liwe dogo kiasi kwamba aliyeshindwa anaweza kulipa palepale kwa M-Pesa bila kununa. Kama mnacheza kwa shimo na sare zinabebwa mbele, wekeni kikomo, mathalani mashimo matatu. Bila kikomo, shimo la 15 linaweza kubeba pesa yote ya siku, na hapo ndipo hata mtu mwema huanza kuona nyoka.

Mkishindwa kukubaliana

Simu yako inaweza kubeba programu ya bure ya kanuni kutoka R&A; ipakue nyumbani, kwa sababu mtandao hukatika kwenye mabonde. Kama jibu halipatikani ndani ya dakika moja na mnahesabu mikwaju, tumieni Kanuni ya 20.1c: kabla ya kupiga tena, mwenye utata anasema atacheza mipira miwili na anataja upi angependa uhesabiwe kama kanuni inaruhusu. Anamaliza shimo na yote miwili, mwandishi anaandika namba zote mbili, na mnamuuliza kepteni au mtu wa kamati mkirudi. Kwenye shimo kwa shimo njia hiyo haipo. Mnakubaliana palepale au mnaandika hoja na kuendelea.

Mkifika klabuni, linganisheni kadi kabla ya kuagiza chochote, sahihi ziwekwe, utata uulizwe, ndipo dau lilipwe. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa maana pesa ikishahama, hakuna anayetaka kusikia kwamba shimo la saba lilihesabiwa vibaya.